Mtori wa Justina

Uru, Moshi
19 Aprili 1953

Kwa Padre Sirili, mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini ulifika salama na vumbi la njiani halikukuharibia kanzu. Huku masika yameshika, njia ya misheni ni tope tupu, na kaburi la Mama limeanza kutitia upande mmoja. Nitalijazia udongo.

Sikuandikii kwa ajili ya salamu. Ulimzika Mama asubuhi, ukasoma misa nzuri watu wakalia, na kabla vyungu vya msiba havijaoshwa ulikuwa umeshateremka mjini kuwahi gari moshi. Jikoni kwa Baba hukuingia. Nilikuona umesimama mlangoni, ukachungulia, ukasema una mitihani ya kusahihisha. Haya.

Sasa nisikilize. Unajua Baba aliapa nini siku ile ulipotoroka kwenda seminari. Wewe hukuwepo, ulikuwa umekaa ndani ya behewa kwa nauli niliyopata kwa kuuza mbuzi wangu. Mimi ndiye niliyekuwepo. Wewe ni kitindamimba, nyumba hii na kihamba hiki cha migomba na mibuni ni vyako kwa mila, ulitakiwa uoe ukae na wazee, na mimi nikakutorosha nikasema umekwenda kukata majani ya ng'ombe. Baba alishika figa la jikoni akasema: chakula cha mkono wa Mektrida hakitapita kooni mwangu mpaka Sirili aketi hapa tunywe naye kibuyu kimoja. Nilipofiwa na mume bila mtoto nikarudi nyumbani, nilidhani amesahau. Thubutu! Miaka yote hii nimelima naye, nimechuma naye kahawa, nimemfulia nguo, na chakula chake alipika Mama. Mama sasa yuko chini.

Baba anajichomea ndizi kwenye majivu, mzee asiye na meno ya kutafunia. Njoo likizo ya karibu. Uketi kwenye kigoda, unywe pombe ya mbege mafunda mawili, Baba akutemee mate ya baraka kifuani, na mimi pia anitemee, kwisha kazi. Ni shughuli ya asubuhi moja.

Dada yako,
Mektrida


Seminari Kuu, Jimbo la Magharibi
10 Mei 1953

Dada Mektrida mpendwa,

Milele na milele, amina. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, maana, usinicheke, umeniletea kitu nilichokuwa nakitafuta.

Unajua kazi yangu hapa ni kufundisha falsafa, hasa ile sehemu inayouliza ni kitu gani kipo kweli na ni kitu gani ni jina tu. Wakubwa wangu wamenikubalia niandike kitabu kuhusu lugha na kuwepo. Kila mwaka nawauliza vijana: jiwe lipo, mgomba upo, je, ahadi ipo? Iko wapi? Unaweza kuipima kwenye mizani? Wanakuna vichwa. Ninachoandika mimi ni kwamba neno ni pumzi. Sema "moto", ulimi hauungui. Sema "nyama", tumbo halishibi. Sisi wenyewe tunalipa neno nguvu, kisha tunaanza kuliogopa.

Ndiyo sababu siwezi kuja kuketi kwenye kigoda. Usidhani ni kiburi. Nikinywa kibuyu kile na kutemewa mate, nitakuwa nimekiri mbele ya Uru nzima kwamba maneno ya Baba yalikuwa na meno. Mimi, padre na mwalimu! Wako wanafunzi wangu wanaotoka huko huko mlimani. Habari ingefika darasani kabla yangu.

Lakini nisaidie kwa jambo moja. Niandikie maneno yenyewe ya kiapo, kwa Kichagga, kama alivyoyatamka. Halafu umuulize Baba, kwa upole, anadhani kiapo chake kipo wapi sasa hivi. Kwenye figa? Kooni? Jibu lolote, hata la hasira, ni dhahabu kwangu.

Blanketi hili ni lake, baridi ya Juni isimpate.

Nduguyo katika Kristo,
Pd. Sirili


Uru, 31 Mei 1953

Padre,

Blanketi limefika. Ni zuri. Haliliki.

Swali lako nimempelekea Baba, kwa upole kama ulivyotaka. Alinitazama kama mtu aliyesikia ng'ombe akiongea. Akasema, "Kama kiapo hakipo, hii njaa ninayoisikia ni ya nani?" Kisha akarudia majivu yake. Haya, dhahabu hiyo, itie kitabuni.

Na hilo la moto usiounguza ulimi nimelielewa, bwana msomi. Jumapili ijayo simama kanisani watu wakiwa wameinama, ulitamke kwa sauti kubwa, halafu uniambie ni wangapi wamevunjika miguu mlangoni.

Baba ameungua kiganja akitoa ndizi motoni. Nilimpaka asali. Kunipa mkono nimpake alikubali, kula cha mkono uliompaka hataki, na hanichukii, Sirili, hilo ndilo linaloniua. Juzi nilimwekea bakuli la kiburu karibu na mguu wake, ndizi na maharage vimeiva vikawa laini, nikaenda zangu kisimani ili asione aibu. Niliporudi alikuwa amelisukuma kwa fimbo, taratibu, bila hasira, kuku wakawa wanadonoa. Kuku wangu wananenepa, baba yangu anakonda.

Maneno ya Kichagga sikuletei. Yale hayapandi posta.

Njoo, mdogo wangu. Sikuombi uamini. Nakuomba uketi tu.

Mektrida


Seminari Kuu, Jimbo la Magharibi
22 Juni 1953

Dada mpendwa,

Umenikasirikia, na ninakupenda hata ukikasirika. Nisamehe kama niliandika kama mwalimu.

Habari yenyewe ni hii. Likizo ya Agosti nimealikwa Kampala, kwenye mkutano wa walimu wa seminari, nikasome sura ya kwanza ya kitabu changu. Mwafrika hajawahi kusimama mbele yao kusoma kazi yake mwenyewe. Mwaliko wa namna hii ukiukataa hauji tena. Kwa hiyo Uru sitafika mwaka huu. Najua utaumia.

Mfano wa kiapo cha Baba nimeutia katika sura hiyo, bila jina. Niliujaribu kwanza darasani. Vijana walisikiliza sana, na pale kwenye kuku walicheka kidogo, lakini kwa wema.

Mwambie Baba hivi: kiapo kilichoapwa kwa hasira, cha kumnyima mtu haki yake, hakimfungi mtu. Kanisa linafundisha hivyo, na akili inafundisha hivyo. Msomee sentensi hizi polepole, mara kadhaa. Mtu akiona mlango uko wazi, hutoka mwenyewe.

Nduguyo,
Pd. Sirili


Uru, 19 Julai 1953

Kwa Padre Sirili,

Loo, kuku wangu wamefika seminari kuu! Nashukuru. Wengine tuliishia darasa la masista.

Sentensi zako nilimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Anaandika vizuri," akalala.

Nikaona, Mektrida, ukingoja wasomi utazika. Basi nimefanya langu. Justina, mke wa jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, unamkumbuka, tulikuwa naye utoto. Kila asubuhi navuka mfereji, napika kwenye moto wake, chungu chake, mwiko wake. Kisha yeye anajitwika, anazunguka kwa njia ya mbele na kuita, "Baba, hodi, nimekuletea mtori." Mimi wakati huo niko shambani nimeinama na jembe kama mtu asiyejua kitu.

Siku ya kwanza nilijificha nyuma ya ghala nikachungulia. Baba alinusa. Akaonja kijiko kimoja, akakiweka chini. Akauliza, "Justina, nani alikufundisha kuponda ndizi namna hii?" Yule mwanamke ana akili, akajibu, "Mama." Baba akasema, "Mama alijua kupika," akamaliza bakuli na kulifuta kwa kidole. Nililia pale nyuma ya ghala, nikacheka, nikalia tena.

Sasa mashavu yamerudi. Jana alipogoa mibuni ya juu mwenyewe, akanigombeza kwamba nimeacha magugu. Raha iliyoje kugombezwa na mtu aliyeshiba!

Kama ni dhambi, wewe ndiye padre, niambie niifanyie toba. Lakini nakuambia wewe peke yako, kama ndugu na kama padre. Liishie kwako.

Dada yako,
Mektrida


Kampala, 24 Agosti 1953

Kwa mkono wa Katekista Theodory, Uru, ambaye namwomba amsomee Baba yangu barua hii polepole na kwa sauti.

Baba yangu mpendwa, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Uganda, ambako jana nilisoma maandishi yangu mbele ya mapadre wengi, wakasimama kunishangilia. Sikukutaja wewe wala Uru, lakini heshima ile nusu yake ni yako, maana uliniwazisha.

Baba, mimi ndiye niliyeondoka bila ruhusa. Kosa ni langu, wala si la Dada. Siwezi kuvumilia uendelee kubeba mzigo usiokuwepo, nami nimepata njia ya kukuonyesha kwamba haupo. Uliapa kuwa chakula cha mkono wa Mektrida hakitapita kooni mwako. Baba, kimekwisha kupita. Mtori anaokuletea Justina hupikwa na Mektrida, na umekuwa ukiula tangu Julai. Je, koo limeuma? Ardhi imetikisika? Sivyo; umepata nguvu, unapogoa mibuni. Kama neno lile lingekuwa na kitu ndani yake, lingekuzuia kumeza. Halikukuzuia, kwa kuwa ni pumzi, na pumzi ile ilikwisha siku ile ile ulipoitoa.

Kwa hiyo uko huru, Baba, na ulikuwa huru siku zote. Mwite binti yako akupakulie mbele ya watu, kisha cheka, kama ninavyocheka mimi kwa furaha ninapoandika haya.

Mwanao anayekupenda,
Sirili


Seminari Kuu, Jimbo la Magharibi
20 Septemba 1953

Dada mpendwa,

Umenyamaza, nami nadhani najua sababu: mnakula pamoja na huna nafasi ya kalamu! Au umenikasirikia kwa kuitoa siri? Nilifikiri sana kabla ya kuandika. Nilijua ungenikataza, ndiyo sababu nikampitishia Theodory. Lakini tazama, ungevuka mfereji mpaka lini? Baba hakustahili kulishwa kwa hila kama mtoto. Alistahili ukweli.

Kampala wanataka kukichapa kitabu. Nahitaji mwisho wa mfano wangu, kwa hiyo niandikie kila kitu: alikaa vipi, alisema nini, alicheka?

Nduguyo,
Pd. Sirili


Uru, 11 Oktoba 1953

Sirili,

Baba tumemzika juzi, kando ya Mama. Paroko alisema hata akikupelekea simu ya maandishi hutawahi maziko, nami sikumbishia.

Umeomba kila kitu. Pokea.

Theodory usimlaumu, ni mtu mwema. Barua ya Padre kutoka Uganda, kwa jina la Baba! Alivaa koti. Aliwangoja watu watoke misa ya pili, akawaleta uani kwetu wasikie heshima aliyoipata mzee mwenzao. Mimi nilikuwa nyuma napepeta ulezi, sikujua lolote mpaka niliposikia sauti yake, ile ya kusomea somo kanisani. Justina ndiyo kwanza alikuwa anaingia na chungu kichwani. Theodory alisoma polepole, kama ulivyomwomba. Alipofika pale pa "kimekwisha kupita" alisita akanitazama, lakini ni karatasi ya padre, angeikatishaje? Akaendelea mpaka kwenye jina lako.

Hakuna aliyecheka. Baba aliuliza, "Yamo humo hayo?" Theodory akasema yamo. Baba akainuka, akaenda nyuma ya migomba, tukamsikia akitapika. Aliporudi alikuwa amejifuta mdomo vizuri. Akasema, "Basi nimekuwa mwongo mbele ya watu," akaingia ndani. Justina alibaki na chungu kichwani, hajui akitue wapi.

Hakumlaani mtu, Sirili. Angelaani ningeshukuru. Ila tangu siku hiyo hakupokea chakula cha yeyote, maana kila chungu kingeweza kuwa changu. Alirudia ndizi za majivu, na hizo nazo baadaye hakuwa na nguvu ya kuzigeuza. Baridi ikamkamata kifua. Nilimpigia magoti, mimi mwanamke mzima, nikamshika miguu. Alikubali maji tu, akasema maji hayapikwi.

Siku moja kabla hajatutoka aliniita nikae karibu. Akasema, "Ule mtori ulikuwa wa mama yako. Nilijua tangu kijiko cha kwanza." Nikamwambia, "Baba, kama ulijua, kwa nini ulikula?" Akasema, "Hakuna aliyekuwa amesema."

Umesikia? Alijua! Mimi nikijidai niko shambani, yeye akijidai ni mtori wa Justina, tukawa tumepata upenyo mdogo wa kupitia, mimi na baba yangu, baada ya miaka yote ile. Ulitosha kabisa. Tungepita humo mpaka Mungu amchukue kwa wakati wake. Ilitakiwa tu mtu mmoja anyamaze, na mtu huyo alikuwa wewe.

Nilikuambia liishie kwako. Au haikuwa maungamo kwa sababu sikupiga magoti?

Mektrida


Seminari Kuu, Jimbo la Magharibi
2 Novemba 1953

Dada yangu,

Leo ni siku ya marehemu wote. Nimesoma misa tatu kwa ajili yake na sikumbuki hata moja.

Juzi nilisimama darasani kama kawaida, nikaanza, "Neno ni pumzi," nikashindwa kuendelea. Vijana walidhani naumwa. Nimewaandikia Kampala wasikichape kitabu. Kama ningejua kwamba anajua, nisingeandika ile barua, maana basi kiapo kilikuwa hakijavunjika kwa namna ambayo... Nisamehe. Unaona, hata sasa nimeanza tena. Ninauma ulimi wangu lakini kichwa kinaendelea chenyewe.

Dada, nakuomba kitu kimoja. Alisema nini kuhusu mimi? Umeandika aliyokuambia wewe, na aliyowaambia watu uani. Kwangu hakuacha neno? Hata moja? Kama ni laana nipe, nitaipokea, itakuwa ni kitu kutoka kwake. Usinifiche kwa kunihurumia. Silali nikilingojea.

Nitakuja Krismasi, nimeshapata ruhusa. Nitaketi kwenye kigoda jikoni, nitakunywa kibuyu, hata kama Uru nzima inatazama. Nipikie mtori ule, tule mimi na wewe kwa bakuli moja, na jambo hili life hapo.

Mdogo wako,
Sirili


Uru, 6 Desemba 1953

Kwa Padre Sirili,

Tumsifu Yesu Kristo. Vuli imenyesha vizuri, makaburi yote mawili nimeyasawazisha na kupanda miche ya masale kuyazunguka.

Umeuliza neno la Baba kuhusu wewe. Halipo. Nimewauliza na Theodory na Justina, wasije wakawa walisikia nikiwa nimetoka. Jina lako halikutoka tena mdomoni mwake tangu siku ile ya barua, wala kwa baraka wala kwa laana. Najua ungependa nikutungie moja, na ningeweza, nimemjua Baba kuliko wewe. Lakini nimechoka kupika uongo.

Krismasi njoo. Kihamba ni chako, mlango siufungi, na wazee wa ukoo watakuja kukuona. Kigoda kipo, mbege itakuwepo. Chakula atapika Justina, na safari hii atapika kweli.

Watu watakuambia nimeapa. Sikuapa. Siku moja nililishika lile figa nikifikiri nitaapa, nikaliachia, maana nimeshaona kiapo kinavyokula watu. Sijamwambia mtu neno, sijamwambia hata Mungu. Nikakata shauri nikupikie, kama ulivyoomba. Jana nikakata mkungu, nikaketi, nikajiambia: hizi ni za mtori wa Sirili, nianze kuzoea. Nikamenya ya kwanza. Ya pili nikaishika, nikakaa nayo, nikakaa nayo, mkono ukakataa. Nikawapa ng'ombe mkungu wote.

Hakuna neno hapo, Padre. Hakuna aliyetamka kitu. Sasa nenda kawaulize vijana wako ni kitu gani hicho, na kiko wapi.

Mektrida